Meza ya Dadu: Ukipiga teleporti toka Arusha kwenda Moshi unafika na homa

Habari zenu wadau. Mwezi huu sijui mmeambizana au ni hii baridi ya mwezi wa saba imewafungia ndani na blanketi na chai ya tangawizi mnacheza tu, maana meseji karibu zote zinauliza kitu kimoja, teleporti, yaani ule mtambo wa hadithini wa kutoweka hapa na kutokea kule bila kupita njiani. Kwa wageni wa safu hii kwa kifupi, gemu tunazoongelea hapa ni zile za kuigiza mezani, mmoja wenu anakuwa gemu masta anasimulia dunia na maadui, wengine kila mtu ana karakta wake, yaani mhusika anayemwigiza, kwenye karatasi, mkifika penye wasiwasi mnarusha dadu, na kikao kimoja cha kucheza ndo tunakiita sesheni. Ya kwanza kuchapishwa ni Dungeons & Dragons ya Marekani mwaka 1974, ile ya mapanga na uchawi, na ya anga za juu iliyotikisa ni Traveller ya 1977. Hapa Arusha na Moshi wengi tunacheza za kutunga wenyewe, na nyingi siku hizi ni za vyombo vya anga, ndo maana teleporti inatusumbua. Haya twende.

*Anko shikamoo. Mimi ni gemu masta wa watu watano hapa Njiro. Sesheni ya pili niliwapa mtambo wa teleporti kwenye chombo chao maana niliona ni kitu cha kawaida tu kwenye hadithi za anga. Sasa hawatembei tena! Niliandaa jangwa, nikaandaa daraja lenye wanyang'anyi, nikaandaa geti lenye walinzi wanaotaka hela ya soda, vyote wameviruka wakatokea chumbani kwa adui mkuu wakampiga risasi akiwa anakunywa chai. Nikiwanyang'anya mtambo watanuna. Nifanyeje?*
*Gemu Masta Aliyechoka, Njiro*

Marahaba mwanangu, pole sana, na usijione mjinga maana hata mimi yalinikuta. Miaka ile tulikuwa tunachezea sebuleni kwa mshkaji mmoja mtaa wa Sakina, nikatunga adui mmoja wiki tatu nzima, nikamchorea ngome yake kwenye manila kwa kalamu za rangi, mitego, mbwa wa chuma, kila kitu. Sesheni inaanza, jamaa mmoja ambaye kazi yake ni fundi simu, na mafundi simu nakwambia usiwaruhusu kukaa kimya wakifikiria, akauliza kwa upole kabisa, "hivi huu mtambo unaweza kumvuta mtu ambaye hajataka?" Mi sikuwa nimeandika chochote kuhusu hilo, nikajibu "eeh nadhani unaweza". Akamvuta adui yangu toka ngomeni akamtoa moja kwa moja nje ya chombo, kwenye utupu, bila nguo za anga. Dakika nne tu, wiki tatu zimeisha. Ile manila ninayo mpaka leo, watoto wamechorea ng'ombe upande wa nyuma.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. Teleporti ilipopata umaarufu kwenye televisheni, kwenye Star Trek ya 1966, haikuwekwa kwa sababu ya sayansi, iliwekwa kwa sababu ya bajeti, maana kuonyesha chombo kinatua sayari mpya kila wiki ni gharama, wakaona bora watu watoweke hapa watokee pale, hadithi ianze. Yaani ni kifaa cha mwandishi cha kuruka sehemu za kuchosha. Na mwandishi akitaka wasiruke siku hiyo anaandika tu kwamba mtambo umeharibika. Sasa wewe umekichukua kifaa cha mwandishi ukawakabidhi wachezaji, na wao wanaruka sehemu wanazoona za kuchosha, kwa bahati mbaya ndo zile ulizokesha unaziandika.

Dawa ya haraka ambayo magemu masta wengi wanakimbilia ni kuuharibu mtambo. Leo kuna dhoruba, kesho kuna madini ya ajabu chini ya ardhi yanazuia, keshokutwa betri imeingia maji. Usifanye hivyo. Mara ya kwanza watakubali, mara ya tatu watakuangalia tu usoni, wanajua ni wewe siyo madini.

Mi nakushauri uweke nauli. Siyo adhabu baada ya safari, nauli, kitu wanachokijua kabla hawajapanda, wakae wabishane inafaa au haifai. Na nauli ya kwanza kabisa ni kituo. Kifodi cha Njiro, yaani daladala, hakikushushi kitandani kwako, si ndio? Kinakushusha kituoni halafu unatembea. Mtambo unaorusha toka kituo kwenda kituo tu hauna shida kabisa, ni kama basi la haraka. Mtambo unaorusha toka kituo kwenda popote ndo unaleta vurugu. Na ule wa popote kwenda popote, mtu amekaa gerezani anavutwa na kuondoka, huo usimpe mtu hata kwa mkopo.

Kwahiyo fanya hivi, sema mtambo wao unahitaji antena upande wa pili. Antena ina ukubwa wa ndoo ya lita 20, inapachikwa ardhini, inachukua roundi tano, yaani zamu tano za kucheza, kuiwasha, inapiga kelele kama jenereta. Ikishakaa pale wanaenda na kurudi watakavyo. Umeona nilichokifanya? Lazima mtu aibebe ile ndoo mara ya kwanza, kwa miguu, apite jangwani kwako, apite kwa wanyang'anyi wa darajani, ajieleze getini amebeba nini. Jangwa lako limefufuka. Na adui akiikuta antena anaweza kuing'oa, au akiwa mjanja anaiacha palepale anawasubiri na bunduki.

Halafu andika leo hii kwenye karatasi mambo matatu kabla fundi simu wako hajauliza. Asiyetaka hapelekwi. Uzito wa kila msafiri ni kilo fulani pamoja na mizigo, mi naweka 120, hapo utawaona wanavyoanza kupima mabegi kama wako uwanja wa ndege. Na mtambo ukitumika mara moja unachukua masaa sita kujaa chaji, kwahiyo kama wameenda wote watano wanajua wanarudi lini, na yule aliyesahau kitu ndo basi tena.

Kuhusu kununa, usiwaletee haya kwa ujanja ndani ya hadithi. Kaeni chini kabla ya sesheni, waambie jamani nilikosea, niliwapa kitu bila bei, naomba tuweke bei. Watu wazima wanaelewa. Wakikataa waambie basi na maadui nao wanao mtambo huohuo bila bei, leo usiku wanatokea chumbani kwenu mkiwa mnakunywa chai. Mi sijawahi kuona meza iliyokataa baada ya hapo.

*Shikamoo anko. Nasoma kidato cha sita PCM (fizikia, kemia na hesabu) hapa Moshi, tunacheza Jumamosi wanne. Gemu masta wetu anasema teleporti ni bure, unatoka popote unafika popote mzima kabisa. Mi nikasema nishati haipotei bwana, ukitokea juu ya mlima lazima ile nishati itoke mahali. Wakanicheka wakaniita profesa. Nani yuko sahihi?*
*Profesa wa Lazima, Moshi*

Marahaba profesa. Wewe uko sahihi, na swali lako nimelipenda kuliko yote, nimekaa na kikokotozi usiku mzima mke wangu akidhani nafanya hesabu za vikoba.

Tuseme mtambo hauongezi wala kupunguza nishati, unakuhamisha tu kama ulivyo. Ukipanda juu mwili wako unapata nishati ya kuwa juu, na lazima itoke mahali, tuseme inatoka kwenye joto la mwili wenyewe. Kuinua kilo moja mita 1,000 ni kama joule 9,800, joule ni kipimo cha nishati. Kupandisha kilo moja ya mwili wa binadamu digrii moja ni kama joule 3,500. Gawanya, unapata digrii 2.8 kwa kila mita 1,000, au kwa kurahisisha mezani, digrii moja kwa kila mita 350. Na uzito unajikata kwenye hesabu, kwahiyo mnene na mwembamba wanaumia sawa, asikudanganye mtu.

Sasa angalia utamu wake. Arusha mjini ipo kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, Moshi mjini kama 850. Tofauti 550. Ukipiga teleporti toka Arusha kwenda Moshi unashuka, ile nishati inageuka joto, unatoka na 37 unafika na 38 na nusu. Umefika na homa! Unashuka kituoni Moshi unatoka jasho, mtu anakwambia nenda kapime malaria. Na ukirudi Arusha unafika na 35 na nusu, meno yanagongana, na hapo bado hujakutana na baridi yenyewe ya Arusha.

Hiyo ni ya mjini kwa mjini. Chukua Moshi mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hapo umepanda kama 5,000. Hizo ni digrii 14. Unafika kileleni mwili una 23. Hufiki, unafikishwa. Kwahiyo jibu la gemu masta wako anayesema mtu atokee Uhuru mzima kabisa ni hilo, mwambie wale wapagazi wanaopanda siku tano sita wanajua wanachokifanya. Na hapo hata hatujagusa hewa, kule juu oksijeni ni kama nusu ya ile ya usawa wa bahari na mwili haukupewa hata saa moja ya kuzoea.

Alafu kuna kasi, na hii ndo watu wengi hawaifikirii kabisa. Dunia inazunguka kwenda mashariki, na huku kwetu karibu na ikweta ardhi inakwenda kama mita 460 kwa sekunde, sisi hatuisikii kwa sababu tunaenda nayo. Sasa dunia ni duara, mashariki ya Moshi na mashariki ya Mwanza hazielekei upande mmoja, zimepindana kama digrii nne na nusu hivi. Ukitoweka Moshi ukatokea Mwanza bado una kasi ya Moshi, na ukipiga hesabu ile tofauti ni kama mita 36 kwa sekunde, karibu kilomita 130 kwa saa, na inaelekea chini. Yaani unatokea Mwanza sakafu inakupokea kama basi lililokosa breki. Ukitoka Mwanza kuja Moshi ni kinyume, unatupwa juu, kama hakuna dari unapaa zaidi ya mita 60 ndo unaanza kurudi, na kurudi ndo shida.

Kanuni ya mezani, kwetu huku karibu na ikweta, kila digrii moja ya longitudo, ambayo ni kama kilomita 111, ni mita 8 kwa sekunde. Ukienda magharibi unabamizwa chini, ukienda mashariki unarushwa juu. Arusha na Moshi zimeachana kama theluthi mbili za digrii, kwahiyo ni mita 5 na kitu kwa sekunde, sawa na kuruka toka ukuta wa usawa wa kifua. Inavumilika, ukijua. Kwahiyo safari nzima ya Arusha kwenda Moshi kwa teleporti ni hivi, unatokea, unarushwa juu karibu mita moja na nusu, unashika bomba la dari kama una bahati, unaanguka, na una homa. Mi ningepanda hiace tu.

Na London? Tofauti ya kasi toka Moshi ni karibu mita 290 kwa sekunde. Hiyo siyo kutua, hiyo ni risasi.

Sasa nakuomba usiishie kuwaambia wenzako "mnaona", maana hapo utabaki profesa na gemu itakuwa imekufa. Tumia hizi namba kama nauli. Sisi mezani kwetu kila digrii ya joto iliyopanda au kushuka ni pointi moja unakatwa kwenye kila dadu mpaka upumzike saa moja, zikifika nne unarusha dadu kuona kama umezimia, zikipita sita umekwisha. Kasi tunaihesabu kama kuanguka toka juu, mita 8 kwa sekunde ni kama umeanguka toka mita tatu na kidogo.

Na kilichotokea mezani sikukitegemea. Wachezaji walikaa na ramani, wakaanza kukata safari vipande. Toka Dar kuja Arusha kwa mpigo mmoja unafika unatetemeka, umepoteza digrii 4, na umebamizwa kwa kilomita kama 75 kwa saa, haiwezekani. Basi wakapanga vituo, hapa tunaruka, tunapumzika saa moja, tunakunywa kitu cha moto, tunaruka tena. Wakabishana wapite njia ipi isiyopanda ghafla. Wakaanza kuulizana kituo kile nani anakilinda, kile kingine kina maji? Safari ambayo yule ndugu yetu wa Njiro anailia imerudi yenyewe kwa mlango wa fizikia, na mbishi mkubwa wa njia alikuwa nani kama siyo fundi simu.

Na jambo dogo la mwisho profesa, mtu akitoweka anaacha nafasi ya kama lita 70 za hewa, ile hewa inaingia kwa pamoja, paa! Na kule anakotokea anasukuma hewa nyingine. Kwahiyo teleporti ya kunyemelea kimyakimya haipo, mlinzi yeyote aliye karibu anarusha dadu ya kusikia.

*Habari kaka. Kwetu Tengeru sheria ni kwamba kila ukipiga teleporti unarusha dadu ya pande 20, ukipata 1 umetawanyika, huna hata maiti. Mdogo wangu kampoteza hivyo karakta aliyekaa naye miezi minane, na tangu siku hiyo hajaja mezani. Wenzangu wanasema ndo raha ya hatari. Ni sawa kweli?*
*Dada Mtu, Tengeru*

Nzuri dada. Hapana, siyo sawa, na siyo kwa sababu ya huruma, ni kwa sababu ya hesabu.

Moja kati ya 20 inaonekana ndogo ukiirusha mara moja. Ila tuseme kila sesheni mnaenda na kurudi, hizo ni mbili, na mmecheza sesheni 20, hizo ni dadu 40. Ukichukua karakta 100 wakarusha hivyo wote, mwishoni wanabaki kama 13. Kwahiyo mdogo wako hakuwa na bahati mbaya, alikuwa na bahati ya kufika miezi minane. Hakuna abiria ambaye angekubali kupanda chombo kinachoua hivyo, sasa kwanini karakta wenu wenye akili zao wanapanda kila wiki? Nyie mmewaambia teleporti ni kitu cha kawaida huku dadu zinasema ni kujiua.

Mkitumia dadu mbili za pande sita na kifo kiwe ni moja-moja tu, wanabaki kama 32 kati ya 100. Dadu tatu, moja-moja-moja, wanabaki kama 83. Angalau. Ila mi hata hiyo siitaki, maana kifo cha dadu moja bila mtu kuamua chochote kinakuacha huna hadithi ya kusimulia. Alikufaje? Alisafiri.

Badilisha matokeo. Rusha dadu mbili, 10 kwenda juu umefika pale pale ulipotaka. 6 mpaka 9 umefika ila una kizunguzungu roundi moja. 3 mpaka 5 umefika pembeni, mtaa wa pili, chumba cha jirani, juu ya bati la mtu. Ukipata 2 umefika mbali na wenzako na mzigo wako umefika kwingine, haya jitafute. Huyo wa 2 ndo sesheni nzima ya wiki ijayo inamhusu yeye, na yupo hai kuicheza. Tena kuna kitu kizuri nakiazima kwenye uchawi wa teleporti wa Dungeons & Dragons, kule uhakika wa kufika unategemea unapajua kiasi gani unakokwenda, sehemu uliyoizoea karibu hukosei, sehemu uliyosimuliwa tu unaweza kuishia popote. Weka nyongeza, nyumbani kwako ongeza 3, ulipowahi kufika ongeza 1, ulipoonyeshwa picha kwenye simu punguza 2. Hapo mchezaji ana cha kuamua kabla hajarusha.

Na mdogo wako mfuateni nyumbani. Karakta aliyetawanyika hana maiti umesema mwenyewe, basi si ajabu alifika, ila alifika kwingine.

*Anko mambo. Tuko Usa River, meza yetu imegawanyika. Mtambo wetu una kumbukumbu ya mwili wa kila aliyepita. Karakta wa jamaa mmoja kauawa, jamaa anasema mnichapishe upya toka kwenye kumbukumbu, tena mara mbili niwe wawili. Mwingine, mtoto wa mchungaji, kagoma kabisa anasema huyo siyo mtu huyo ni picha. Imebidi tuahirishe.*
*Katibu wa Meza, Usa River*

Poa katibu. Huu ugomvi ni mzito kuliko mnavyodhani na nawapongeza kwa kuahirisha badala ya kurushiana viti.

Kwanza kama mnataka kutoka kwa njia ya sayansi, mlango upo. Kuna teleporti ya kweli, ya maabara, wazo lilichapishwa 1993 na jaribio likafanikiwa 1997 huko Austria kwa chembe za mwanga, kundi la Anton Zeilinger ambaye 2022 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Nobel ya fizikia, na 2017 Wachina waliifanya toka ardhini mpaka kwenye satelaiti, umbali unafika kilomita 1,400. Ila kinachosafiri siyo chembe yenyewe, ni hali yake, na ile hali upande wa kwanza lazima ipotee ndo itokee upande wa pili. Na tangu 1982 imethibitishwa kwamba hali ya namna hiyo usiyoijua huwezi kuitolea kopi kamili. Kwahiyo gemu masta akisema "mtambo hautunzi kumbukumbu, unahamisha tu, hakuna kopi" yuko na fizikia nyuma yake, na jamaa yenu wa kutaka awe wawili anakaa chini.

Ila mi siwalazimishi. Kuna meza zinazopenda kopi, sawa, basi wekeni bei tena. Kumbukumbu ni ya mara ya mwisho alipopita mtamboni, kwahiyo anarudi hajui chochote kilichotokea baada ya hapo, mchezaji anafuta kwenye karatasi kila kitu alichojifunza tangu siku hiyo, rafiki, deni, siri, vyote. Wenzake wanamkumbuka akifa, yeye hakumbuki. Na mmoja mezani, mtoto wa mchungaji akipenda, karakta wake ana haki ya kumkataa maisha yote na asimwite kwa jina lake. Hiyo ni hadithi nzuri kuliko kumzuia, mnisamehe wazee wa kanisa.

Alafu kama mezani kuna anayeandika kwenye karatasi kwamba mwili unageuzwa kuwa nishati kwanza, mwambieni kilo 70 zikigeuka zote kuwa nishati ni kama megatoni 1,500, na megatoni moja ni nguvu ya tani milioni moja za baruti ya TNT. Bomu kubwa kuliko yote lililowahi kulipuliwa, lile la Wasovieti la 1961, lilikuwa kama 50. Thelathini ya hayo, kwenye chumba chenu cha mtambo, kwa sababu mtu anataka kwenda sokoni.

*Kaka, teleporti ya sayari kwa sayari inachukua muda gani? Gemu masta wetu anasema papo hapo.*
*Mvivu wa Kusafiri, Majengo, Moshi*

Kama inasafiri kama mawimbi haiwezi kupita kasi ya mwanga. Mwezini ni sekunde moja na kitu, hamna shida. Mars ni dakika 3 mpaka 22 kutegemea sayari zimekaaje siku hiyo. Kwa anayesafiri ni kufumba na kufumbua ila kwa waliobaki dakika zinaenda, kwahiyo sisi tunaweka saa ya simu mezani dakika 22 kweli, wenzake wanaendelea kupigana, msafiri anatumwa kununua chapati. Nyota ya jirani kabisa ni miaka minne na kidogo, huko mtatafuta chapati nyingine.

*Anko, mnazipata wapi hizi dadu za pande 20? Mi nimezunguka mjini Arusha yote.*
*Mgeni wa Meza, Kaloleni*

Huhitaji. Kanuni karibu zote nilizoandika juu zinatosha kwa dadu mbili za ludo, zipo maduka ya vitu vya watoto na hata kwa wamachinga. Kama gemu yenu inalazimisha 20, chukua vizibo 20 vya soda, gonga kila kimoja kwa nyundo kilale bapa ili mtu asipapase akijua ni kipi, andika namba kwa ndani na kalamu ya kudumu, tia kwenye mfuko wa kitambaa, chomoa bila kuangalia. Muhimu tu kizibo kirudi mfukoni kabla ya mwingine kuchomoa na mfuko utikiswe, na mkague soksi za watu, kuna mmoja mezani kwetu tulimkuta na ya 20 amekuwa nayo tangu Pasaka.